Naomba ushauri: kipima tetemeko changu kinaona bodaboda, tetemeko la mbali hakioni

Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Niko Arusha, nimejitengenezea kipima tetemeko, ndani kuna jiofoni (kihisi cha mtetemo) ya 4.5 Hz, yaani mitetemo 4.5 kwa sekunde, ile yenye koili inayoning'inia kwa springi kwenye sumaku, halafu ampulifaya, halafu chipu ya ADS1115 ya biti 16 inayogeuza volti kuwa namba, mwisho Arduino (kikompyuta kidogo cha kusoma hizo namba). Bodaboda ikipita nje naiona freshi, mtoto akiruka sebuleni grafu inapanda kama Meru, ila tetemeko la mbali hata liwe kubwa vipi laini imelala tu. Najua chini ya 4.5 Hz koili inaanza kwenda sambamba na sumaku hivo volti zinashuka vibaya, na yale mawimbi ya mbali mzunguko mmoja unaweza fika sekunde 20. Sasa nikiongeza geini (ukuzaji wa ampulifaya) nakuza mngurumo wa umeme wa 50 Hz na kelele za ampulifaya yenyewe. Alafu rezista ya kutuliza koili sijaweka bado (uvivu tu), nikigonga sakafu inacheza cheza weee ndo itulie. Je nihangaike na saketi ya kuinua masafa ya chini (mitetemo ya polepole), au nijenge pendulamu ya kulala, ile inayobembea kama mlango? Na hiyo joto la mchana halitaihamisha kweli?