MJADALA: Kijana wetu Marekani anataka kuingia fraterniti ya chuo. Hizi safari zao za mitoni na vibandani ni undugu au ni balaa?

Baba Mdogo wa Kibaha (mleta mada)

Wadau habari za jioni. Kuna jambo linaninyima usingizi wiki ya pili sasa, nimeona nilitupe hapa mnisaidie.

Kijana wa marehemu kaka yangu yuko mwaka wa pili chuo kimoja Ohio. Nimemlea mimi tangu yuko darasa la tano, mtoto mpole, wenzake wakicheza mpira yeye anaangalia dirishani. Kwa kawaida meseji zake ni "shikamoo baba mdogo, nimefika" basi. Sasa juzi katuma voisi noti ya dakika saba! Anasema amealikwa kuingia fraterniti. Kwa msiojua, ni vile vyama vya wanafunzi wa kiume vyenye majina ya herufi za Kigiriki, wengi wanakaa nyumba moja, wana siri zao, wanalipa ada, na ukishaingia unaitwa braza mpaka unakufa. Mwezi wa tisa wanaenda West Virginia kupanda maboti ya mpira kwenye mto Gauley, alafu wanalala siku mbili kwenye kibanda cha kukodi huko porini. Anaomba hela ya ada na ya safari.

Shangazi yake kasema mpe, mtoto ni mpweke kule. Mimi usiku nikaingia gugo, na bora nisingeingia. Nikakuta habari ya Desemba 2013, wanafunzi wa Baruch College ya New York, chama chao kinaitwa Pi Delta Psi, walikodi nyumba kwenye milima ya Pocono kule Pennsylvania kwa wikiendi. Usiku wakamfunga kitambaa machoni kijana wa miaka 19 aliyekuwa anaingia chama, wakamvalisha begi la mchanga mgongoni, wakawa wanampiga vikumbo apite katikati yao kwenye ardhi ya baridi imeganda. Alianguka hakuamka tena. Na walivyoona hali mbaya hawakuita ambulensi, walimbeba baadaye kwa gari lao. Mahakama ilikitia chama chenyewe hatiani, 2018 kikapigwa faini ya zaidi ya dola laki moja na kufukuzwa jimbo lile miaka 10.

Sasa swali langu, wapo Wamarekani wenyewe wanataka vyuo vifute kabisa hivi vyama, wengine wanasema ndio maisha ya chuo yenyewe. Nyie mnasemaje, na sisi walezi wa huku tusimame wapi? Nawasilisha.

Kigoda Mbele

Nimekaa paleee na karanga zangu.

Mdigo Richmond

Mkuu shikamoo, mimi nilipita humo humo, miaka minne, ngoja nikwambie kabla watu hawajaja kukutisha zaidi.

Mwaka wangu wa kwanza Thanksgiving, ile sikukuu yao ya shukrani kila mtu anaenda kwao, mabweni yalifungwa karibu yote, nikabaki mimi na jamaa mmoja wa Nepal tunakula tambi za pakiti kwenye korido, nje giza saa kumi na moja jioni. Nililia siku ile, mtu mzima. Mwaka uliofuata nilikuwa nimeshaingia fraterniti na siku ile ile nilikuwa mezani kwa mama wa braza wangu mmoja, ananilazimisha niongeze viazi. Hicho kitu huwezi kumwelezea mtu wa Kibaha aliyezungukwa na ndugu mpaka anawachoka.

Na huo Gauley nimeushuka. Kila mwaka baada ya Labor Day, sikukuu yao ya wafanyakazi mwanzoni mwa Septemba, wanafungulia maji kutoka bwawa la Summersville kwa wikiendi kadhaa, basi mto unachachamaa watu wanatoka majimbo yote. Mnafika asubuhi baridi inauma, kampuni inawapa jaketi la kuelea na helmeti, mnasaini karatasi kwamba mkifa msiwadai, alafu mwongozaji anawafundisha nchi kavu kwanza, akisema mbele mnapiga kasia mbele, akisema chini wote mnajikunyata ndani ya boti. Kuna sehemu inaitwa Pillow Rock, mto mzima unakwenda kujibamiza kwenye jiwe kama nyumba, maji yanapanda juu yanajikunja kama mto wa kulalia. Tulipofika pale mwongozaji, dada mdogo tu ana nywele za kamba kamba, alipiga kelele neno moja na wote nane tukatii kama watoto wa madrasa. Mmoja alichomoka, akavutwa kwa mabega ya jaketi ndani ya sekunde kumi. Tulipotoka tunatetemeka tunacheka kama wendawazimu. Wale wanane mpaka leo nikiwapigia saa nane usiku wanapokea.

Bibi yangu Tanga nilipomtumia picha nimelala kwenye turubai aliniuliza, "mjukuu wangu, umekosa kodi?" Nikamwambia bibi hapa nimelipia. Hajaelewa mpaka leo 😂

Mpe mtoto hela.

Nesi Columbus

Kaka Mdigo umeeleza mto vizuri sana, ila usiku wake mbona umeuruka? Maana umetuacha saa tisa mchana mnacheka.

Mimi nafanya kazi emajensi usiku, sitasema wapi. Kwa miaka yangu yote sijawahi kupokea kijana wa fraterniti aliyeumizwa na mto au mlima. Nawapokea waliotoka kwenye "kusherehekea" mto. Mchana kuna kampuni ina leseni, kuna mwongozaji mzima wa akili, kuna kamba za kurushia mtu. Usiku kuna nyumba ya kukodi, vijana ishirini, pombe kali (na sheria ya hapa ni miaka 21, nusu yao hawajafika) na aliyeshika uongozi ana miaka 20 na yeye mwenyewe kalewa. Mtu akizima wanamlaza chali "apumzike", anatapika, matapishi yanarudi ndani. Na simu haipigwi, kila mtu anaogopa chama kitafungwa, wanakaa wanagugo dalili. Angalieni hiyo ya Pocono aliyoleta baba mdogo, ni nani aliyekufa mlimani pale? Ilikuwa uwani kwa nyumba ya kukodi. Kwahiyo mimi sipingi safari, napinga kibanda.

Baba mdogo, kitu kimoja cha kufanya leo. Desemba 2024 ilisainiwa sheria ya nchi nzima, Stop Campus Hazing Act. Hezingi ndio huko kuwatesa wanaoingia chama. Vyuo sasa vinatakiwa viweke hadharani ripoti ya vyama vilivyokutwa na makosa hayo. Mwambie kijana akutumie linki ya chuo chake, utafute jina la chama hicho kama limo.

Kigoda Mbele

"Napinga kibanda" 😂😂 karanga zimeanza kunoga

Msee wa Boston

Mazee mimi siko hapo katikati na nyinyi, hizi vitu zifutwe zote, period. Na si ati haiwezekani, Williams College walianza kuzitoa 1962, Colby wakazifuta 1984, Bowdoin wakafuata 1997, na hizo shule hazijaanguka, bado watu wanapigana kuingia. Kama shida ni kupanda milima, kila chuo karibu kiko na outing club, klabu ya safari za milimani na porini, ile ya Dartmouth iko tangu 1909, unajiandikisha tu, msichana kijana mweusi mweupe wote, hakuna mtu anakuuliza baba yako ni nani ama anakufunga macho. Unakopeshwa hadi buti. Sasa niambie mlima uko na shida gani hadi lazima kwanza utukanwe miezi miwili ndio upelekwe?

Na hao "wapenda mazingira" wenu msisahau walichofanya Shasta Lake 2016, wanafunzi wa University of Oregon, wengi wa hizo frati na sororiti (zile za wasichana), waliacha kisiwa kimejaa mahema na makopo na takataka mpaka picha zikazunguka nchi nzima. Mwaka mmoja kabla ya hapo ni wa Michigan, waliingia hoteli ya kuteleza kwenye theluji wikiendi moja, wakavunja madari, viti, milango, hasara ya mamia ya maelfu ya dola. Undugu gani huo wa kuvunja milango?

Mdigo Richmond

Msee umechagua vyuo vya matajiri vyenye watoto elfu mbili tu, kwao kila mtu anamjua kila mtu, wafute hata leo. Nenda chuo cha watu elfu arobaini uone kama klabu ya milima itakupigia simu ukikosa kuonekana siku tatu. Mimi nilijaribu hiyo klabu yako. Watu wazuri, tulipanda Old Rag kule Shenandoah, tukashuka, kila mtu akaingia gari lake. Jumatatu nikakutana na mmoja kwenye foleni ya kahawa hakunikumbuka jina.

Alafu usiweke wote kapu moja, kuna hivi vyama vya watu weusi, Alpha Phi Alpha ya Cornell ya 1906 ilianzishwa na vijana weusi ambao hakuna aliyekuwa anawataka. Martin Luther King alikuwa humo. Nkrumah wa Ghana na Azikiwe wa Nigeria walikuwa Phi Beta Sigma, nayo ya weusi. Wale wazee wetu walienda kutafuta ndugu ugenini kama mimi tu.

Msee wa Boston

Na hata hizo za weusi hezingi iko, usijifanye hujui. Jina la Nkrumah si ruhusa ya kumfunga mtu macho.

Mzee wa Kumbi, Lindi

Vijana nimewasoma kimya kimya tangu mwanzo, naona mnabishana kuhusu jambo ambalo sisi huku ni la zamani mno.

Mimi nimeingia jando porini, si hospitali. Tulikaa kumbini wiki nyingi, tulitukanwa, tulilala chini, tulifundishwa nyimbo ambazo sitawaimbia hapa. Baridi ya alfajiri ya Julai naikumbuka kwenye mifupa. Kwahiyo msiniambie kijana kupelekwa porini na kusumbuliwa kidogo ni ushenzi wa Wazungu, wala msiniambie hauleti undugu, wale wari wenzangu waliobaki ni wanne na mmoja akifiwa wote tunafunga safari.

Lakini kumbini kulikuwa na nani? Kulikuwa na nyakanga, ndio mkuu wa jando, mtu mzima mwenye mvi, na ngariba, na kila mwari alikuwa na kungwi wake. Na mwari akiharibikiwa, yule nyakanga alikuwa anarudi kijijini kumtazama mama wa mtoto usoni. Anamjua kwa jina! Ndio maana kungwi hakulewa. Pombe ilikuwepo, ilinyweka kijijini siku ya kutoka, kumbini hapana.

Sasa hao vijana wa Pocono walikuwa wanamjua mama wa nani? Hawa wamechukua jando wakaacha wazee. Mimi nisingemuuliza mtoto kuhusu mto hata kidogo. Ningemuuliza nyakanga wenu ni nani.

Nesi Columbus

Babu nimesimama nakupigia makofi hapa jikoni.

Msee wa Boston

Guka heshima yako, hapo umenishika. Lakini sasa si hiyo ndio point yangu? Wazee hawako na hawatakuja. Vyama vina washauri wa makaratasi, mtu mzima alisoma hapo 1994 anakuja mara moja kwa mwaka kula nyama choma anarudi kwake. Kama hakuna wa kuweka, funga duka.

Mdigo Richmond

Mzee wangu shikamoo. Nitasema ukweli kwasababu umeuliza vizuri. Usiku wetu wa Gauley alikuwepo braza mmoja, alikuwa hanywi, baba yake alikufa kwa pombe. Yeye ndio alikuwa anashika funguo zote za magari kwenye soksi yake, na saa saba usiku alimlaza mwenzetu ubavu akakaa naye mpaka kunakucha. Hakuna aliyempa hiyo kazi. Hakukuwa na ratiba wala kanuni. Sasa nikiwaza kama asingekuja wikiendi ile sijui hadithi yangu hapa ingekuwaje. Sikuwahi kuifikiria hivyo mpaka leo.

Nesi Columbus

Asante kwa kuwa mkweli kaka. Baba mdogo na jingine, mtoto ni mgeni kwenye nchi ya watu. Akikamatwa anaendesha amekunywa, mwenzake mzawa anapigwa faini na kozi, yeye viza inaweza kufutwa. Mwambie hivyo hivyo bila kumzungusha.

Baba Mdogo wa Kibaha (mleta mada)

Wakuu nimesoma zote, nashukuru mno, hasa Mzee wa Lindi maana nilikuwa nahangaika na mto kumbe natazama kwingine kabisa. Jana usiku nilimpigia kijana. Sikumkataza. Nilimwambia hela ipo, ila anijibu maswali matatu kwa maandishi. Kampuni ya mtoni ni ipi. Chama kimo kwenye ile ripoti ya chuo au hakimo. Na usiku kibandani ni nani hatakunywa, jina lake, na namba yake nimpigie mimi mwenyewe kabla hawajaondoka.

La kwanza kajibu papo hapo, katuma na picha za maboti na bei. La pili asubuhi katuma linki, nimesoma na mwanangu wa kike, chama hakimo. Nikapumua.

La tatu tiki za bluu tangu jana saa nne usiku.

Kigoda Mbele

Hela usitume kwanza mkuu. Tupo hapa.