Mume wangu anafanya kazi ya udaktari, na kazi yenyewe anailipia ada!

Jamani nimechoka, niacheni niseme.

Mume wangu daktari, mtu wa Mkoani, Pemba. Kasoma MD, shahada ya udaktari, miaka 5, utarajali (mazoezi ya kazi hospitalini) mwaka 1, kisha kajitolea kwa nauli ya daladala tu maana ajira hakuna. Sasa yuko Dar, mwaka wa pili wa ubingwa wa upasuaji. Mtaani kila mtu ananambia "mumeo anasoma". Anasoma nini saa 8 za usiku? Juzi nampigia, anapokea anahema: ndo kwanza katoka kumshona utumbo kijana wa bodaboda, na wodini wapo watatu wanamngoja. Yuko zamu tangu asubuhi, hata chai hajanywa.

Mwisho wa mwezi anapata nini? Hapati kitu, yeye ndiye anayelipa! Ada, chumba, nauli ya boti. Alipokuwa tarajali, kisu hakijatulia mkononi, serikali ikimpa posho. Leo anapasua watu, ati mwanafunzi, na asipomaliza ada anatishiwa kunyimwa mtihani. Hesabu hii kapiga nani?

Najua mtaniambia kuna ruhusa ya masomo na mshahara unaendelea. Kwa mwajiriwa, ndiyo. Ufadhili nao upo, tuliomba, wapi!

Msimu uliopita karafuu za mama mkwe, tulizochambua usiku mpaka vidole vinawaka, zote zimeingia kwenye ada. Zote.

Uingereza anayesomea ubingwa ni mwajiriwa, ana mshahara wake. Na msinambie wale matajiri. COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji, makao yake yako hapo Arusha, kilianzishwa 1999, kinafundisha mtu akiwa kazini kwake, hospitali iliyoidhinishwa, chini ya mabingwa waliopo. Sasa Pemba mabingwa wa kufundisha wako wangapi? Pale Abdulla Mzee, hospitali yetu ya Mkoani, tumewazoea madaktari wa Kichina, wakimaliza muda wao wanarudi kwao, wanakuja wengine. Basi wetu avuke maji mpaka Dar, kwa pesa yake, halafu tushangae wakimaliza hawarudi.

Maana ameshaanza kuniambia kuna hospitali ya binafsi huko inamtaka. Na mimi sina uso wa kumwambia rudi Mkoani ukajitolee tena.

Mama mkwe bado sijamwambia.