Pinboli ya mjomba: taa zinawaka ila gemu haianzi, msaada wakuu

Kijana wa Mafinga
Wakuu kamwene. Nina pinboli (mashine ya gemu ya kupiga mpira wa chuma) ya kampuni ya Gottlieb, zile za Chicago zenye namba za pointi za kuzunguka, marehemu mjomba alikuwa nayo kwenye baa yake huku Mufindi na imekaa stoo miaka mingi sana. Kibandiko kinasema volti 115 kwa hiyo nimeichomeka kupitia transfoma ya kushusha umeme. Taa zinawaka vizuri ila nikibonyeza kitufe cha kuanzia mota ya chini inazunguka tu haisimami, juu inagonga tak tak tak, mpira hautoki. Fundi redio wa hapa kasema bodi ya elektroniki imeungua. Nitaipata wapi bodi? Nimejifunzia kuhesabu kwenye hii mashine, sitaki iende kwa wanunua chuma chakavu.

Fundi Uyole
Mdogo wangu ZIMA kwanza, ukiiacha inagonga hivyo koili ndo itaungua kweli. Na usitafute bodi, hiyo haina bodi kabisa, ni koili (waya uliosokotwa unaovuta kama sumaku), relei (swichi inayovutwa na koili) na swichi tupu, bodi zimeanza kuingia kwenye pinboli mwishoni mwa miaka ya 1970. Iko hivi, ukibonyeza kuanza lazima namba zote zirudi 0 ndo mpira utoke, kila gurudumu lina kaswichi kake ka kusema nimefika, sasa moja lisipofika mota inazunguka kulisubiri mpaka asubuhi. Fungua kichwa, lile boksi la juu lenye namba, uone lipi limegoma.

Mwana Tukuyu
Na kwa ukungu wa Mufindi kontakti, zile ncha za swichi zinazogusana, lazima zimeshika kutu. Usizipige msasa jamani, zile ndogo ni za madini ya fedha, zikilika basi. Chomoa waya ukutani, chukua kadi ngumu iloweshe spiriti, ipitishe katikati ya kontakti ukizibana kidogo. Mimi jukeboksi yangu, ile mashine ya kupiga muziki baa, ilifufuka hivyohivyo.

Kijana wa Mafinga
Nimefungua. Zote ziko 0 isipokuwa ya makumi, imeganda kwenye 7, hata kwa kidole inasogea kwa shida.

Fundi Uyole
Basi umeshampata. Hiyo ni grisi ya zamani imekauka imekuwa kama gundi, koili inavuta ila springi haina nguvu ya kulisukuma gurudumu. Lichomoe, piga picha kwanza kabla hujagusa kitu, osha kwa spiriti na mswaki mpaka ule unjano wote utoke halafu lirudishe kavu. Kavu kabisa, hata mafuta ya cherehani usipake, vumbi likiingia unarudi palepale.

Kijana wa Mafinga
IMEANZA!! Namba zimerudi zote, mota ikasimama, mpira ukatoka, mama mkubwa kaja kusimama mlangoni anaangalia tu hasemi kitu. Ndaga fijo wakuu. Sasa flipa ya kushoto, kile kimkono cha kupigia mpira, ndo haina nguvu, nayo nisafishe kwa kadi?

Fundi Uyole
Hapana, kontakti ya kwenye flipa ni ya madini ya tangsteni, ngumu ile, hapo tumia tupa laini. Ukiona imechongeka sana niambie nikutafutie nyingine.