Mdogo wangu ameacha kwenda ibadani, baba anasema ni filamu. Naomba ushauri

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Niko Moshi, maeneo ya Rau. Baba yetu ni mzee wa kanisa.

Mwezi uliopita mimi na mdogo wangu wa kiume tuliangalia The Exorcist, ile filamu ya kutisha ya 1973 ya mapadri wanaomtoa pepo binti. Mimi niliogopa pepo. Yeye aliguswa na Padri Karras: msomi, daktari wa akili, anakiri imani imemtoka, kisha mama yake anakufa peke yake, na bado watu wanamhitaji awe padri. Akaniambia, "Dada, mimi niko hapo alipo yule." Tangu hapo haendi ibadani.

Baba anaamini filamu imemwingizia pepo, anataka apelekwe kwenye maombi ya kufunguliwa. Mimi naona shaka ilianza bibi alipofariki. Filamu imempa maneno tu. Ananiuliza kwa nini kwenye filamu hizi lazima shetani ajitokeze ndipo mtu asiyeamini amkubali Mungu. Sina jibu. Juzi akaniwekea The Wicker Man, ya Uingereza, mwaka huohuo: polisi Mkristo mwenye msimamo anasali ndani ya moto, na hakuna anayekuja kumwokoa. Alilia, jamani.

Waliopitia haya, nimwambieje baba bila kumvunjia heshima? Na nimtafute mchungaji wa namna gani, atakayekaa na kijana amsikilize bila kumkemea? Maombi yamepangwa Jumamosi hii.