Tupeane uzoefu: Siku uliyoenda Saadani, ulikuta nini tofauti na ulivyosimuliwa?

Wakuu, heshima kwenu. Nadhani kila mtu wa Dar ana ndugu aliyemwambia kwamba kwenye hifadhi ya Saadani tembo wanaoga baharini. Mimi nimekulia Temeke na hadithi hiyo, mpaka Agosti mwaka jana nikasema liwalo na liwe, naenda. Tuliondoka Mbezi saa kumi alfajiri, watu sita, tukapita Bagamoyo, Makurunge, tukavuka Mto Wami jua limeshatoka.

Tembo baharini sikumwona. Niliona nyayo zake. Zilitoka kichakani, zikakata mchanga mkavu, zikashuka hadi maji yanapofika, kisha zikarudi zilikotoka. Unyayo mmoja niliupima kwa kiatu changu, namba 43, kikaingia chote na nafasi ikabaki. Ndani yake maji ya chumvi yalikuwa yametuama, na kaa mdogo anahangaika kupanda ukingo, anateleza, anaanza upya. Wenzangu waliniita mara tatu nirudi garini.

Haya, leteni yenu. Picha za kwenye kalenda tuziache.

Dereva Mstaafu
Mkuu, umeenda Agosti ndiyo maana una la kusimulia. Mimi nilipeleka wageni mwezi wa nne. Aliyenikodi aliniapia kuwa njia ni nyeupe. Bwana wee! Udongo wa kule mweusi, ukinyeshewa unaganda kwenye tairi mpaka linakuwa kama gogo. Ukikanyaga mafuta linazunguka palepale. Tulikwama tangu saa nane mchana, na kushuka kusukuma porini nako si kama kusukuma gari Jangwani, huko unaangalia kichaka kwanza. Gari la hifadhi lilikuja kutuvuta jua linazama. Masika kaeni nyumbani mle mihogo.

Mama Watatu
Mimi nina ushauri mmoja tu: msivae jinzi. Mbung'o wanapenda bluu iliyokoza na nyeusi, hata mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Nilivaa jinzi mpya ya kupigia picha. Anakuuma juu ya nguo na anafika! Mume wangu kavaa kaki yake ya zamani, niliyoisema vibaya tangu nyumbani, kakaa ametulia anakula karanga.

Ila boti ya Mto Wami ilinifuta machozi. Viboko wanaibua masikio tu, mamba kalala kwenye tope mdomo wazi, juu ya miti mbega weusi kwa weupe na mikia yao kama mashada. Mkienda mbele zaidi inaanza mikoko, na maji ya kahawia ya mto yanaingia kwenye maji ya bahari. Hapo mwanangu wa mwisho akauliza kama viboko wanajua kuwa chumvi imeanza. Sikuwa na jibu.

Kijana wa Tandika
Mniwie radhi, mimi sikufurahi kihivyo. Nilitaka simba. Nikaona ngiri, nyani, kongoni, kuro, twiga kumi na kitu. Simba hakuna.

Mleta mada
@Kijana wa Tandika simba wapo, ila si wengi, na majani yakiwa marefu anaweza kulala hatua kumi kutoka kwenye gari usimjue. Kama roho yako iko kwa simba tu, panda basi la Morogoro uende Mikumi. Saadani unaifuata kwa kuwa ndiyo hifadhi ya taifa Tanzania Bara ambayo asubuhi unamtazama twiga na mchana unakanyaga mawimbi ya bahari ya Hindi.

Mjukuu wa Saadani
Naona mnapita kijijini kwetu kama mnapita kituo cha mafuta. Saadani ni mji kabla haijawa hifadhi. Bwana Heri alitawala pale, akapigana na Wajerumani wakati uleule Abushiri anapigana nao upande wa Pangani, mwaka 1888 na 1889. Hifadhi ya taifa imetangazwa 2005, ikachukua na iliyokuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja na msitu wa Zaraninge. Kijiji kikabaki katikati. Mjomba wangu anavua kamba usiku. Mchana analinda shamba, na nguruwe pori hajui mpaka uko wapi. Mgeni anapiga picha, mjomba anapiga debe.

Kuhusu kasa: nendeni ufuko wa Madete. Mimi nimekuta kiota kikifumuka. Mchanga unatikisika kidogo, unadhani ni upepo, kisha kichwa kimoja, kisha kumi, wadogo kama kiganja cha mtoto, wote wanashika njia ya bahari. Mhifadhi alituzimisha tochi zote, maana wanafuata mwanga na wanaweza kugeuka wakarudi nchi kavu. Tulisimama gizani tunasikia tu, kama mtu anapekua makaratasi.

Mama Watatu
Mjukuu, kamba kilo bei gani huko kwenu?

Mjukuu wa Saadani
Njoo na ndoo yenye barafu na mfuniko unaobana, mama. Wa mwaka juzi walimwagikia watu kwenye buti ya gari, na gari lenyewe lilikuwa la kuazima.