Kiti cha kukunja: mkasi, vijiti vya kuchomeka, au ubao mmoja?

Randa_Butu
Wakuu, nabuni kiti cha kukunja na nimekwama kwenye uchaguzi. Nataka kikikunjwa kiingie nyuma ya mlango, kibebe mtu wa kilo 100 bila kulia, na kisiwe na kipande cha kupotea. Nimechora aina tatu. Kwanza, miguu ya mkasi na kikalio cha turubai. Pili, vijiti vya kuchomeka vinavyokazwa kwa mikanda, kama kiti cha Roorkhee. Tatu, ubao mmoja wa plaiwudi uliokatwa hivi kwamba kiti kinachomoza humo ndani, ukikikunja kinarudi kuwa ubao. Moyo uko kwenye ubao. Akili inanivuta kwenye mkasi.

Mzee_wa_Bawaba
Mkasi. Kaburini mwa Tutankhamun, aliyezikwa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita, mlikutwa kigoda cha kukunja chenye miguu ya mkasi, na hadi leo dawa ni ileile: miti, mhimili, kitu cha kukalia kinachoizuia isitanuke.

Ila angalia turubai. Wengi hulikaza kama ngoma wakidhani ndiyo uimara. Likizama kwa pembe ya nyuzi 30 chini ya mlalo, kila upande unavutwa kwa nguvu sawa na uzito wa mkaaji. Likizama nyuzi 10 tu, ni karibu mara tatu! Mtu wako wa kilo 100 hapo anavuta mshono kama watu watatu. Acha lilegee, na mshono upige mistari miwili.

Fimbo_Nyoofu
Mzee, mbona husemi habari ya tundu? Mguu wa mkasi unapinda zaidi pale katikati, na ndipo hapohapo unapotoboa kupitisha boliti. Ni kama kumkata mtu kiuno halafu umbebeshe gunia.

Mzee_wa_Bawaba
Ndivyo macho yanavyodanganya. Mti unapopinda, kazi kubwa inafanywa na nyuzi za mbao za juu na za chini. Za katikati zimepumzika. Chukua mti wenye kimo cha mm 40, toboa mm 8 katikati kabisa ya kimo hicho: nguvu ya kuhimili kupinda inapungua kwa chini ya asilimia 1. Tundu likihamia ukingoni, hapo ndipo utanikumbuka. Pia sehemu ya boliti iliyo ndani ya mbao iwe laini, maana mikato ya skrubu inakula tundu kama msasa.

Fimbo_Nyoofu
Sawa, hilo nimelipokea. Bado naitetea Roorkhee. Viungo vya miguu yake havina boliti wala gundi. Ncha za vijiti zimechongwa kama koni, na ukikaa zinajikaza zenyewe ndani ya miguu. Kwa kuwa viungo vina ulegevu kidogo, miguu yote minne inagusa chini hata kwenye mabonde. Ilibuniwa kwa ajili ya jeshi la Waingereza huko India, na mbunifu wa samani Kaare Klint wa Denmark aliifuata alipochora kiti chake cha Safari mwaka 1933. Mkasi haukanyagi mabonde vizuri hivyo.

(Sharti lako la kupotea, hapo sina utetezi. Mimi mwenyewe niliwahi kufika kambini na miguu minne na vijiti vitatu.)

Kidole_Kimoja
Jina langu mnalielewa sasa. Popote miguu inapopishana, pengo ama lisiruhusu kidole kuingia kabisa, ama libaki pana muda wote. Linaloanza pana likaishia jembamba ndilo linalouma. Randa_Butu, huo ubao wako una mapengo ya hivyo kila upande.

Plai_na_Msasa
Nimetengeneza viti viwili vya ubao mmoja. Vinapendeza vikiwa vimefungwa. Shida ni kwamba ubao ni kama shamba la urithi: upana unaoupa kikalio umeunyang'anya mguu. Ukinenepesha mguu, makalio yananing'inia. Na bawaba zote zinaegemea plaiwudi ile ile nyembamba, skrubu zikikosa nyama ya kushika. Kata kwanza katoni kwa kipimo cha moja kwa tano, utaona kabla hujaharibu ubao.

Kama unachotaka ni ule mshangao wa kitu kujificha ndani ya chenzake, tazama kigoda cha Klint cha 1930, kile cha pangaboi. Ni mkasi, lakini miti imepindwa kama pangaboi, na ukikifunga, miwili inakumbatiana kuwa fimbo moja ya mviringo. Kuichonga ni kazi ya jasho. Ukitaka chuma, kipo kiti cha Plia cha mbunifu Mwitaliano Giancarlo Piretti, 1967: bawaba moja ya visahani vitatu inabeba egemeo, kikalio na miguu, na hakuna kinachochomoka.

Randa_Butu
Nimekata katoni jana usiku. Kikalio kilisimama, mguu wa nyuma ukalala kifudifudi. Naenda na mkasi, miti minyoofu kwanza. Pangaboi nitaijaribu mkono ukizoea. Ubao nilikuwa nimeshauchora mistari, mke wangu kautundika ukutani, anasema hapo ndipo unapopendeza.

Mzee_wa_Bawaba
Tuma picha ya mshono kabla hujakaa.