Naanza kupika mwenyewe: ninunue vyombo gani kwanza?

Mpangaji Mpya

Ndugu zangu, habari za leo. Nimehamia Dodoma kikazi kutoka Tanga, na nimepanga chumba chenye jiko dogo ambalo kwa sasa halina kitu isipokuwa ndoo na beseni. Tangu nifike ninakula kwa mama lishe asubuhi na jioni, lakini fedha inakwisha upesi, na hamu ya wali wa nazi wa nyumbani imenizidi. Nimetenga shilingi 250,000 kwa ajili ya vyombo pamoja na jiko. Dukani nimeonyeshwa seti ya sufuria kumi na mbili zinazoingiliana, ambayo peke yake ingemeza karibu nusu ya fedha hiyo. Ninapika ugali, wali, maharage, mboga za majani, samaki, na chapati siku za Jumapili. Naomba ushauri wenu: nianze na nini, na kipi kinaweza kungoja?

Mama wa Pangani

Mwanangu, pole kwa kuhama, na seti hiyo iache. Mimi nilipoolewa nililetewa seti ya namna hiyo, na miaka yote nilitumia sufuria tatu tu. Nyingine zilikaa juu ya kabati, na zile nyembamba zilibonyea zikawa zinaunguza wali upande mmoja. Nunua sufuria tatu, mojamoja, kila moja na mfuniko wake: ndogo ya chai na uji, ya kati ya mboga, na kubwa ya ugali na maharage. Kabla ya kulipa, bonyeza kitako kwa dole gumba, na kikiingia hata kidogo, irudishe. Kisha iweke mezani uone kama inatulia au inacheza.

Wali ndio unaoipima sufuria. Kwenye jiko la mkaa tulizoea kupalia: maji yakikauka, unapunguza moto wa chini na kupanga makaa juu ya mfuniko, wali ukaiva kwa joto la pande zote mbili. Gesi haina makaa ya kupalia, na moto wake hupiga zaidi katikati, kwa hiyo sufuria nyepesi itakupa ukoko mweusi chini na kiini juu. Dawa yake ni sufuria nzito, mfuniko unaobana, na chuma cha chapati unachokiweka chini ya sufuria mara maji yanapokauka, moto ukiwa mdogo kabisa, ili joto litawanyike. Chuma hicho hicho ndicho utakachochomea chapati zako za Jumapili.

Vilivyobaki ni vichache: mwiko wa mti mgumu, upawa, kikaango cha samaki, kisu kimoja kikali, ubao wa kukatia, kibao na mti wa kusukumia chapati, na mbuzi. Ukija likizo Tanga, rudi na kifumbu cha ukindu, kwa sababu chujio la plastiki huchuja tui lakini halikamui. Jambo moja zaidi: mchuzi wa ukwaju au wa ndimu usiulaze katika sufuria ya alumini, kwani uchachu huila, na asubuhi utakuta mchuzi umebadilika ladha.

Fundi Majiko

Ninaongezea upande wa gesi, kwa kuwa hapo kosa dogo hugharimu sana. Kwa mtu mmoja, mtungi wa kilo 6 wenye jiko la kufunga juu yake unatosha, ila sufuria kubwa ya ugali ikiwa juu, kimo kinakuwa kirefu na mkono wa kusonga una nguvu. Uwe na kiunzi cha chuma cha kuushikilia, au usongee ugali chini. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, hivyo unaponunua gesi omba upimwe mbele yako: toa uzito huo, na kinachobaki ndicho gesi uliyoilipia.

Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakianza kuvimba yenyewe, funga na usiwashe kitu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni, kwa hiyo ukisikia harufu, fungua mlango pamoja na dirisha, na usiguse swichi ya taa.

Mpangaji Mpya

Shikamoo Mama, na asante sana Fundi. Seti nimeiacha. Swali langu la mwisho: maharage huku yananichelewesha kuliko nyumbani, na mwenzangu kazini anauza sufuria ya presha iliyotumika. Je, niichukue?

Mpishi wa Bweni

Hujakosea kuhusu maharage. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100 za Tanga, kwa hiyo hata maharage yaliyolowekwa usiku kucha huchukua muda zaidi. Ndani ya sufuria ya presha joto hukaribia nyuzi 120, na gesi unayookoa si haba. Mimi ningeinunua kabla ya blenda, kwa kuwa mbuzi inakutosha kwa nazi.

Lakini ikague kwanza. Vua mpira wa mfuniko uukunje kidogo; ukiwa na nyufa, ununuliwe mpya. Kisha inua mfuniko uangalie juani kupitia tundu la mvuke: usipouona mwanga upande wa pili, tundu limeziba, na usilipe mpaka mwenzako alizibue mbele yako. Ukipika maharage usizidishe nusu ya sufuria, na usiifungue mpaka mvuke wote uwe umetoka.